Mwamini Aalika Siafu

Maji ya Mbwemkuru yalipopungua, mwezi wa nne mwaka wa hamsini na mbili, Mwamini binti Seleman aliwakagua waliohamia kwake bila hodi: panya darini, nge wawili chini ya mtungi, tandu mmoja kinuni, na mende ambao hakujisumbua nao. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa walikuwa na wiki nzima na jembe hawakuligusa. Nyumba hiyo Mwamini aliijenga na kuikandika kwa mikono yake baada ya kufiwa na mume, na mafuriko yalipofika dirishani ukuta haukupata hata ufa. Alijivunia, na hakuona sababu ya kuficha.

Jumbe alikwisha tangaza kwamba Bwana Afya atakuja Alhamisi kutoka Nachingwea. Nyumba itakayokutwa na panya itachomwa moto, kwa kuogopa tauni.

Jumatatu Mwamini akajitanda khanga, akaenda kwa siafu waliokuwa ukingoni mwa shamba lake la ufuta. Akapiga magoti, akawaamkia, akaeleza shida yake. Siafu wakamjibu kwa Kimwera kwamba wana kazi kwa jirani yake Shabani mpaka Jumatano. Kwake watafika Alhamisi asubuhi.

"Msije mkaniaibisha tu," akasema.

Walifika alfajiri, mstari mnene kama mkono. Mwamini akafanya kama wafanyavyo watu wa kule: akatoa kuku na mbuzi, akakizungushia majivu kila alichotaka kibaki, akakaa uani kumenya mihogo na jirani yake Dionisia, mke wa katekista. Kisichozungushiwa majivu ni cha siafu. Panya wakaanza kutoka mlangoni, wamebebwa.

Bwana Afya alifika na tarishi wa jumbe, kazi haijaisha.

"Subiri, baba, wanamalizia," Mwamini akamwambia. "Na huo mkoba, ukiuweka chini, uzungushie majivu."

Bwana Afya hakuwa mtu wa kufundishwa na mwanamke habari za majivu. Akauweka mkoba kizingitini, akajifuta jasho. Siafu wakaufungua, wakatoa karatasi moja, wakaipitisha nyuma ya tandu aliyekuwa akibebwa nje na kuiweka miguuni pa Dionisia, aliyesoma misheni.

Dionisia akaisoma kwa sauti. Ilikuwa orodha ya nyumba kumi na mbili za kuchomwa, ya Mwamini ikiwa ya tatu, ili barabara ya shamba jipya la walowezi ipite. Iliandikwa mwezi wa kwanza, kabla mto haujafurika.

Bwana Afya akaichukua, akakung'uta siafu wawili, akairudisha mkobani.

"Amri si yangu, mama."

"Sikukuuliza ni ya nani. Ingia ukague."

Akaingia. Akainua mtungi, akapekua dari, akainama nyuma ya kinu. Hakupata hata kinyesi cha panya. Mwamini alisimama mlangoni, roho inamuuma na kifua kimemjaa fahari.

"Andika," akasema.

"Niandike nini?"

"Ulichokiona. Watakaopita kwenye hiyo barabara yenu wasije wakasema hapa walikaa panya."

Bwana Afya akaandika kwamba nyumba ni safi, akatia sahihi. Siafu wakaaga, Mwamini akawashukuru kwa kazi nzuri. Akatoa vyombo na mkeka, akafagia kuanzia chumbani hadi kizingitini. Alipomaliza akapisha, na tarishi akawasha kiberiti.