Mwenge wa Leta Wafika Bungulu

Mimi ni chef wa avenue, mkuu wa mtaa mmoja hapa Bungulu, mjini Beni. Mwaka ambao Leta, yaani serikali, iliamua moto wa Olimpiki uzunguke mikoa yote kabla ya wanariadha kuondoka, Hippolyte, ofisa wa michezo aliyetumwa kwetu kutoka Kasai, aliniambia wazi: "Chef, samedi batu basipojaa, avenue napatia Mathe."

Mathe ni shemeji yangu. Afadhali avenue ipewe mbuzi.

Tangazo liliandikwa na mwalimu mmoja aliyesomea Tanzania. Nikapita na megafoni: "Mwenge wa Olimpiki unakuja! Upokeeni!" Neno mwenge sikulijua. Shule niliiacha mapema, nikadhani ni aina ya bendera.

Kavuo, muuza kasiksi, pombe yetu ya ndizi, alitoka na mwiko mkononi.

"Papa chef, hiyo mwenge ni ya bure?"

"Ya bure kabisa. Njo ya Leta."

"Ya batu bote?"

"Bote. Hata batoto."

"Hata batoto! Mungu wangu. Leta inataka kuniua na njaa."

Sikumwelewa. Kavuo huvuka mpaka kufanya biashara Uganda, na kule mwenge ni pombe ya ndizi. Kufikia jioni Bungulu nzima ilikuwa inasubiri pombe ya Leta.

Samedi, Jumamosi yenyewe, watu walijaa mpaka juu ya kuta, na vikombe, na sufuria. Mathe alisimama mbele kabisa na bidon ya lita ishirini.

Hippolyte karibu alie kwa furaha. "Félicitations, chef! Batu ya Beni banapenda sport! Mais, bidon ni ya nini?"

"Sijue."

Ndipo akatokea Audrey, msichana aliyeupokea moto kutoka kwa watu wa Butembo, anakimbia huku jasho likimtiririka, jeep ya askari nyuma yake. Watu waliutazama moto. Kisha wakaitazama jeep. Mathe akaenda kuchungulia ndani.

"Mwenge iko wapi?"

Audrey akainua moto juu. "Njo hii."

"Hii tunakunywa namna gani?"

Watu wakaanza kurudi nyumbani, wanatukana. Mpiga picha wa kutuma picha Kinshasa alikuwa bado hajafika. Hippolyte akanitazama mimi, kisha akamtazama Mathe. Nilielewa anachopima.

Nikashika megafoni. "Kavuo iko na kasiksi! Pipa muzima!"

Walikimbia wote, Mathe wa kwanza.

"Na moto?" Hippolyte akapiga kelele.

"Moto ifuate batu!"

Basi moto wa Olimpiki ukaacha barabara kubwa, ukapita kichochoro ambacho jeep haiwezi kuingia, ukaingia uani kwa Kavuo. "We binti, usiniunguzie nyumba!" Kavuo alifoka, huku anachota kwa mikono miwili. Mpiga picha akatukuta huko: Audrey katikati, moto juu, vikombe mia vimeinuliwa. Kinshasa walijibu kwamba hakuna mkoa ulioshangilia kama wetu.

Avenue nilibaki nayo. Lundi, Jumatatu asubuhi, Mathe alikuja, kofia mkononi, kuomba ruhusa ya kusogeza ua wake.

Nilimwambia arudi kesho yake, mardi.