Mjusi wa Begani

Nchi ya Bwawani ilijivunia mambo mawili: meno ya Mfalme Kiboko, yaliyochorwa kwenye kila bendera, na Nyumba ya Madirisha. Nyumba hiyo ilikuwa katikati ya mji. Mwenye haja alikwenda akasimama mbele ya dirisha alilolitaka: la waganga, la soko, la barua, la habari za mbali. Kila dirisha lilikuwa na mlinzi wake, na mlinzi wa hili hakujua umeuliza nini kwenye lile. Wananchi walikuwa wameizoea hali hiyo mno, hata haikuwajia akilini kuiita uhuru.

Kisha Waziri Kenge akaleta mijusi.

Kila mwananchi alipewa wake, bure, akae begani na kumfuata dirisha hadi dirisha. Mjusi alisoma maandishi madogo, alikumbusha miadi, alijibu maswali kwa adabu ya ajabu. Sharti lilikuwa moja tu: kulikubali tangazo la Waziri, refu kama chatu aliyejinyoosha. Aliyejaribu kulisoma aliambiwa na mjusi mwenyewe, "Usijichoshe, mpendwa. Sema ndiyo tu." Wote wakasema ndiyo. Swala alisema mara mbili, asije akasahauliwa.

Bi Nungunungu, mjane msusi wa mikeka, alisema ndiyo kama wenzake. Mwezi wa tatu wa kuwa na mjusi akagundua uvimbe chini ya kwapa. Hakumwambia mtu, hata binti yake Mashavu, aliyekuwa na mimba ya kwanza na usingizi haba. Alikwenda dirisha la waganga, akauliza kwa sauti ya chini, akaambiwa arudi baada ya wiki mbili. Alipopita dirisha la soko kununua ukili wa mikeka, mlinzi akamtangulia kusema.

"Pole na uvimbe, mama. Tuna dawa ya kuchua. Tunayo na sanda, kama unapenda kujiandaa mapema."

Kesho yake Bwana Pongo, mkuu wa Chama cha Wasusi, akamwita.

"Mikeka ya ikulu tuliyokuahidi inachukua miezi minane," alisema, akiangalia ukutani. "Tumeona tusikusumbue. Tumempa mwingine."

"Mmeona wapi, Bwana Pongo?"

Macho ya Bwana Pongo yalimtoroka yakatua kwenye bega la mgeni wake.

Alipofika nyumbani alimkuta Mashavu mlangoni, macho mekundu. Habari ameipata kwa jirani, na jirani kaipata dirisha la barua.

"Kwa nini nisikie nje, mama?"

Hilo lilimuuma Bi Nungunungu kuliko mikeka. Akamgeukia mjusi. "Umemwambia nani?"

"Sijamwambia yeyote, Bibi," alisema mjusi kwa upole. "Nimekumbuka tu. Na sisi mijusi sote tunakumbuka kwa pamoja. Ni ukurasa wa arobaini wa tangazo. Je, nikutafutie wimbo wa kuliwaza?"

Siku ya baraza la wazi Bi Nungunungu alijipanga foleni tangu alfajiri. Zamu yake ilipofika alieleza yote, bila kulia. Mfalme Kiboko alimsikiliza akiwa ameketi kwenye kiti chake kipana, mjusi wa kifalme akimeta shingoni.

"Mama," alisema Mfalme, "mwenye mwenendo mwema anaficha nini? Mimi mwenyewe nina mjusi, na sina neno."

"Basi naomba ruhusa nimuulize yeye jambo moja, Mtukufu."

Waziri Kenge akakohoa. Lakini ukumbi ulikuwa umejaa, na Mfalme alipenda kuonekana mkarimu mbele ya umati. "Uliza."

"Mjusi, wiki hii Mfalme amepita madirisha gani?"

Mjusi alifurahi kuwa na manufaa. "Jumatatu, dirisha la waganga: meno yote ya mbele kutikisika. Kisha dirisha la soko: meno ya bandia, makubwa, yasiyong'aa sana ili yasishukiwe. Jumanne, dirisha la barua: kumwandikia Mamba wa mtoni kwamba atapewa mabwawa yote ya kusini, na wakazi wake, akikubali kumhifadhi Mfalme siku ya kukimbia."

Wakazi wa kusini walikuwa wamekaa safu ya tatu. Wakasimama.

"Nyamaza," alisema Mfalme.

"Ndiyo, Mtukufu. Waziri naye alipita dirisha la habari akauliza mfalme kibogoyo huwa anatawala muda gani. Nadhani maswali yenu yanahusiana. Niyaunganishe?"

Mfalme akamgeukia Kenge. Alifungua kinywa amng'ate, na jino moja likaanguka sakafuni, likabiringika hadi miguuni mwa watu wa kusini. Hakuna aliyecheka mpaka Swala alipoanza. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuacha, na utawala unaochekwa na ukumbi mzima hauna askari wa kuulinda. Kabla ya adhuhuri Kiboko alikuwa mtoni akiogelea kwa Mamba, ambaye hakuwa amemjibu barua, na Kenge alikuwa juu ya mti, wananchi wakimsubiri chini yake.

Baraza jipya lilikaa wiki hiyohiyo chini ya Pundamilia. Hoja ya kwanza ilikuwa mijusi.

"Tuwabakize kwa muda," alisema Pundamilia. "Safari hii wanatumiwa na watu wema."

Wajumbe kadhaa walitikisa vichwa kukubali. Mjadala uliendelea siku nne, na kura zilipohesabiwa mijusi walishindwa kwa kura mbili tu. Wakaondolewa mabegani. Jioni hiyohiyo wapo waliolalamika kwamba sasa watalazimika kusoma maandishi madogo wenyewe.

Wiki mbili zilipotimia Bi Nungunungu alirudi dirisha la waganga, bega tupu. Mganga alimsogeza karibu, akamwambia alichokiona kwa maneno machache. Alirudi nyumbani taratibu, akamketisha Mashavu jikoni, akafunga mlango, akamweleza mwenyewe kwa mdomo wake.

Alimwambia nini? Mimi sijui. Walikuwa wawili tu mle ndani.