Alichokiitikia Mzee Isaiah

Tangu siku ya koito, siku watu wa kijana Masese walipokuja kumposa bintiye Cheptoo, Mzee Isaiah alikuwa hakai akatulia. Alikuwa ameitikia jambo mbele ya ukoo mzima, na hakujua ni jambo gani.

Mashine za kiwanda cha chai zilikuwa zimemla masikio pole pole miaka yote aliyofanya kazi, naye akaficha. Wa nyumbani walijua hasikii vizuri. Kiasi chenyewe hawakukijua. Mbinu yake ilikuwa tazama midomo, na midomo ikikushinda, tabasamu uitikie kwa kichwa. Ilimfaa kanisani, ikamfaa sokoni. Kwenye koito ikamtumbukiza shimoni. Ogoti, mjomba wa Masese, alisimama mwishoni akamuuliza swali, na Ogoti ana masharubu yanayofunika mdomo wote. Watu wakamgeukia Isaiah. Isaiah akaitikia kwa kichwa. Mara akina mama wakapiga vigelegele, Cheptoo akalia, na Ogoti, mtu mzima na kitambi chake, akapangusa machozi.

Sasa wanaume hulilia nini kwenye posa? Shamba! Isaiah aliamini amegawa shamba. Ushahidi ulikuwepo: Masese alikuwa haishi kuja. Leo arekebishe zizi, kesho apalilie chai, na kila akimwona mzee midomo yake inasema “Baba”, utamu mtupu. Isaiah aliona huo ni utamu wa mtu anayepima mpaka kwa macho. Kuuliza hakuweza, maana kuuliza ni kukiri. Chakula kikamshinda, akawa anawafokea hata ng'ombe. Mficha maradhi kilio humuumbua, na Isaiah alikiona kilio chake kinapanda kilima.

Ni Cheptoo aliyechoka kupiga kelele ndani ya nyumba ili baba amsikie. Akamwambia Masese ampeleke mzee Kericho kwa mtaalamu wa masikio. Isaiah hakukataa. Akipata masikio, aliwaza, atategea watu sikio hadi ajue shamba limeendea wapi. Ila alitaka masikio ya siri.

“Nataka hii,” alisema, akionyesha kile kifaa kidogo kuliko vyote, kama punje ya harage, kinachozama ndani ya sikio. “Hii hakuna mtu ataona.”

Drusilla, mtaalamu mwenyewe, alikuwa amemaliza kumpima. Alimkabili ili aone midomo yake, akapaza sauti. “Mzee, hiyo ni ya mtu amepoteza kidogo. Haina nguvu ya masikio yako. Na betri yake ni kadogo sana, hiyo mikono yako itaiangusha kila siku. Wewe unahitaji hii ya kukaa nyuma ya sikio.”

“Lakini mimi nasikia! Ni kidogo tu.”

“Mzee, mtu akiongea kawaida kwa meza, wewe unaona tu mdomo ikicheza. Na si ya juzi. Hii ni ya miaka mingi.”

Isaiah alimtupia jicho Masese, akatamani asingemtupia. Kijana alikuwa ameelewa. Uso ulimshuka, akainuka, akaenda kusimama dirishani, mgongo kwao, akitazama chai huko nje.

Drusilla akamvalisha vile vikubwa vya kujaribu, kimoja kila upande, akaviwasha. Lo! Kiti kikalia, karatasi zikachakarika, mlango wa jirani ukabamizwa hadi Isaiah akaruka. Akashika masikio akitaka kuving'oa.

“Wacha!” alisema Drusilla. “Utazoea pole pole. Anzia kwa nyumba, pahali pametulia, na uvae kila siku. Hata sauti yako itakushangaza.”

Ndipo ikaja sauti nyingine, nyembamba, imekwaruzika, kutoka dirishani ambako hapakuwa na midomo ya kutazama.

“Mzee, siku ile hukusikia mjomba.”

Isaiah akashusha mikono masikioni. “Sikusikia. Aliniuliza nini? Ni shamba?”

“Shamba gani?” Masese hakugeuka. “Alisema mimi nilizaliwa baba yangu ameshakufa. Kwamba tangu niwe mtoto sijawahi kuita mtu Baba. Akauliza kama ukinipa Cheptoo, utakubali nikuite hivyo.” Akagusa kioo cha dirisha. “Si neno, Mzee. Hukusikia. Twende tu nyumbani.”

Isaiah alikumbuka zizi, na ile chai iliyopaliliwa hadi mpakani, na jinsi alivyokuwa akimpita kijana bila kumjibu salamu. Alijichukia.

Akaichukua kofia yake mezani, ile aliyokuja nayo makusudi ya kuficha masikio, akamkabidhi Drusilla kama kitu kisicho na kazi tena.

“Hivi hivi vikubwa,” alisema. “Nitatoka navyo.”

Kisha akageukia dirisha. Sauti yake mwenyewe ilimshtua kwa ukubwa wake, lakini hakuishusha.

“Wewe Masese! Umeanza lini kuniita Mzee?”