Beberu Mmoja, Kijiji Kizima

Siku tulipopitisha sheria ya mbuzi, mimi nilinyosha mikono miwili. Mmoja ulitosha, lakini nilikuwa na hasira. Mbuzi wa watu walikuwa wamekula miche yangu ya kabichi mara mbili, na masika yale mlima ulikuwa umeporomoka juu ya shamba la Secilia, jirani yangu, ukafunga barabara siku nane. Siku nane! Karoti ziliota nywele, nyanya zikatoa machozi kwenye matenga, na lori la kwenda Mombo likasimama ng'ambo ya kifusi likitutazama kama mchumba aliyekataliwa posa.

Mtendaji wetu wa kijiji, Sabra, ni binti mdogo lakini ana kauli ya hakimu. Alitueleza kwa vidole: mlima unashikwa na mizizi, mizizi ni ya miti, miti inaliwa na mbuzi. Nani angebisha? Tulifanya msaragambo, kazi ya kijiji kizima, wanaume kwa wanawake, tukapanda miche kwenye makingamaji yote na majani ya tembo pembeni. Kisha tukaandika sheria: mbuzi hatoki nje ya banda lake. Akikutwa nje mara ya kwanza, onyo. Mara ya pili, mwenyewe anapanda miche hamsini. Mara ya tatu mbuzi ni wa jiko la shule, watoto wamle na makande.

Nikapiga makofi mpaka viganja vikawasha. Mimi, Hidaya, mwenye mbuzi.

Hivi ndivyo mambo yalivyotuharibikia. Mbuzi akikaa bandani, majani lazima umletee wewe, kichwani, kutoka bondeni, na milima yetu haina huruma na magoti. Jike utamkatia majani kwa moyo mmoja kwa sababu atakupa maziwa na watoto. Lakini beberu? Kumtwisha mtu mzima mzigo wa majani kwa ajili ya mnyama ambaye kazi yake kubwa ni kunuka! Haikupita miezi mitatu mabeberu wote wakashushwa Mombo na Mazinde kwa wachoma nyama. Kila mwenye nyumba alijisemea kimoyomoyo, "Si wapo wa wenzangu?" Kumbe na wenzake walikuwa wanasema hivyohivyo.

Akabaki mmoja. Wangu.

Mama yake alikufa akimzaa, nikamnywesha uji kwa kikombe cha bati, akalala miguuni pangu mpaka alipoota pembe. Nilimpa jina Zumbe, maana kwetu Usambaa zumbe ni mtawala, na yule mbuzi tangu mdogo alitembea kama mwenye nchi. Shuleni tulifundishwa kwamba beberu ni mkoloni, tumpige vita. Mimi niliishia darasa la saba, nikafuga mmoja.

Zamani ndoa za mbuzi hazikuandikishwa. Walikutana huko mlimani, wakamalizana, sisi tukaona matumbo tu. Sasa majike thelathini na saba yamefungiwa, kila moja kwenye banda lake, na yakiingia kwenye joto yanalia. Nyie, mbuzi jike akimtaka dume analia kama mtu anayedai haki yake mahakamani. Kijiji chote kililia. Imamu alilalamika, mchungaji alilalamika; ilikuwa mara ya kwanza nawasikia wakilalamikia kitu kimoja.

Zumbe alisikia. Wiki ile ile aliruka banda, akapatikana kwa Secilia akiwa ameshafanya alichofuata na kula miche minne ya kusindikizia. Onyo.

Mara ya pili Secilia alikuja mwenyewe.

"Bibi Hidaya, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

"Yule mbuzi wangu mwingine. Leo siku ya pili analia. Nimekuja kuomba mume."

"Wako yuko wapi, mpaka uombe wa kwangu?"

"Wangu nilimuuza, bibi. Wewe unajua."

"Najua. Nilitaka tu kukusikia ukisema."

Tulimfunga Zumbe kamba, mchana kweupe, mimi mbele, Secilia nyuma na fimbo. Hatujafika hata kwenye daraja, tukakutana na Silvano, mgambo wa kijiji, kijana mwenye buti kubwa kuliko akili.

"Bibi, huyo mbuzi yuko nje ya banda."

"Yuko kwenye kamba, mgosi."

"Sheria imesema banda. Haikusema kamba."

"Kitendawili!" nikamwambia, labda atalainika.

"Bibi, niko kazini."

Akaandika. Mimi, na magoti haya, nikapanda miche hamsini kwenye ule mteremko wa Secilia, naye akinibebea maji ya kumwagilia na kuniomba radhi kila shimo. Nilipofika mche wa thelathini nikaanza kuona jambo ambalo sikutaka kuliona: ile ya kwanza, ya masika, ilikuwa imeshika. Udongo haukuteleza tena mguu ulipokanyaga. Sheria ile ya kunikera ilikuwa inafanya kazi.

Hapo ndipo nilipokasirika vizuri.

Kwa hiyo Zumbe alikuwa na makosa mawili, na la tatu ni sufuria. Majike nayo hayana mimba, maziwa yamekauka, wajukuu zangu wanakunywa chai ya rangi na kunitazama. Mwenyekiti wa kijiji, Fanueli, akaitisha mkutano pale uwanja wa shule.

Fanueli ni mtu mwema. Tatizo lake hapendi mtu yeyote amnunie, na kijiji hakiongozwi hivyo. Alivaa koti lake la harusi za watu, akakohoa, akasema, "Ndugu wananchi, tumekutana kuhusu suala la... la mahitaji ya mbuzi."

"Sema kupandwa!" akapaza sauti mzee mmoja nyuma. Watu wakacheka.

"Tuheshimiane," alisema Fanueli, shingo imemtoka jasho.

Nikasimama. "Mwenyekiti, kitendawili!"

"Tega!" wakaitikia wote, hata Silvano.

"Akitembea mmoja, thelathini na saba wanazaa. Akikaa ndani, thelathini na saba wanalia."

"Mwenyekiti!" akajibu mtu, na uwanja ukaangua kicheko. Mke wa Fanueli alicheka kuliko wote.

"Mmeshindwa. Nipeni mji."

"Tunakupa Mombo!"

"Siutaki, una joto na mbu."

"Tunakupa Lushoto, na soko lake!"

"Haya, nimefika Lushoto, nimekula plamsi mpaka meno yameniuma, mji wenu mzuri, nimerudi. Jibu ni Zumbe wangu. Naomba aruhusiwe kutembea kwa kamba. Mmoja tu."

Sabra akainuka na daftari lake. Kwanza akaniamkia, nikaitikia. Yule binti ana adabu, anakunyonga huku amekupigia goti.

"Bibi, mwezi wa kwanza wa sheria tuliruhusu vitoto vya mbuzi vitembee, kwa kuwa ni vidogo. Wiki mbili tu, kila mbuzi kijijini akawa mtoto. Nilikamata mtoto mmoja ana ndevu."

Watu wakainamisha vichwa. Mwenye mtoto wa ndevu sitamtaja, ila alikaa jirani na imamu.

"Nikiruhusu kamba," akaendelea, "kesho kila mbuzi yuko kwenye kamba, na kila mmoja anakwenda harusini. Silvano atajuaje bwana harusi ni yupi?"

"Basi majike yaje kwa Bibi Hidaya," akasema Fanueli haraka, akitafuta wa kumfurahisha.

"Mwenyekiti, fanya hesabu," nikamwambia. "Njia ya kuja kwangu ni moja, inapita kwenye mteremko wa Secilia. Unakataa mdomo mmoja upite, unaleta midomo thelathini na saba?"

Akakaa.

Ndipo Secilia akasimama. Huwa hasemi mikutanoni. "Mimi ndiye ninayetaka beberu kuliko wote," alisema, "na mimi ndiye nitakayefukiwa. Mvua ikianza tu, naacha nilichoshika, nasikiliza mlima. Hata kama mbuzi wangu asizae tena, msiniguse ile miche. Lakini watoto wangu nao wanataka maziwa. Sijui. Nimesimama tu niseme kwamba sijui."

Hakuna aliyecheka. Nami niliyekuja na maneno yangu matamu kinywani, nilijikuta nayameza. Kama mlima ukirudi, utaanza na huyu. Zumbe wangu ni mbuzi.

Nikakumbuka tunavyofanya mgonjwa anapozidiwa na gari halipandi: tunamlaza kwenye machela, vijana wanne begani, mpaka barabarani. Mgonjwa hakanyagi chini, hali miche ya mtu.

"Tumbebe," nikasema.

"Nani?"

"Zumbe. Kwenye tenga la kabichi, mifito miwili chini yake, watu wanne. Mwenye jike anayelia ndiye atafute wabebaji. Tenga lina kuta, lina kifuniko. Sheria imesema banda. Hilo ni banda, sema tu linatembea kwa miguu ya watu."

Uwanja ulilipuka. Wengine walishika mbavu, wengine wakaanza kubishana uzito wake. Mzee wa nyuma alisema yeye baba yake hakubebwa namna hiyo hata siku ya kuzikwa. Lakini Sabra hakucheka. Alikuwa anaandika.

"Inawezekana," alisema mwishowe. "Lakini bibi, sheria siwezi kuikunja kwa ajili ya mbuzi wa mtu mmoja. Leo wako, kesho wa mwenyekiti naye atataka tenga. Tukiruhusu, awe beberu mmoja tu, wa kijiji. Banda lake pale ofisini, majani tukate kwa zamu, kitongoji kwa kitongoji. Sio wako tena."

Ningeweza kusema hapana. Wangerudi nyumbani wakinicheka kidogo na kunionea huruma kidogo, nami ningemfungia Zumbe mpaka siku atakayoruka tena, na ataruka, namjua. Kisha makande. Na kama kwa miujiza asiruke, angezeeka bandani kwangu huku kijiji kizima kikilia nje, na mimi nikimkatia majani kwa magoti yanayolia kuliko mbuzi.

"Atanuka ofisini kwenu," nikamwonya.

"Tumezoea," alisema Sabra. "Mwenyekiti huvaa koti hilo hilo wiki nzima."

Ndipo akacheka, yule binti, nami nikanyosha mkono. Safari hii mmoja, na ulikuwa mzito. Wakanyosha wengine. Secilia alinyosha wa mwisho.

Nilimpeleka mwenyewe, kwa kamba, na Silvano akatembea kando yetu akitazama mawinguni kama mtu asiyeona kitu. Bandani kwangu pakawa kimya. Asubuhi ya kwanza nilichemsha uji wa ziada bila kukusudia, nikaunywa mwenyewe kwa hasira.

Safari ya kwanza ya tenga ilikwenda kwa Secilia. Fanueli alitaka kuonyesha mfano wa uongozi, akabeba mbele kulia. Zumbe akasukuma kifuniko kwa pembe, akatoa kichwa, akawatazama watu waliojipanga njiani kama anapokea heshima zake, na walipofika kwenye kona ya mteremko akakojoa. Mbele kulia. Koti la harusi likafuliwa hatimaye. Miche haikuguswa hata mmoja.

Wiki ya pili nilikwenda ofisini na karai na koleo. Nilimkuta Fanueli mlangoni mwa banda, naye ana koleo.

"Shikamoo, Bibi Hidaya. Unafanya nini?"

"Marahaba. Nimefuata samadi ya kabichi zangu, kama miaka yote."

"Bibi, mbuzi ni wa kijiji. Na mavi yake ni ya kijiji."

"Mmenichukulia mbuzi. Mavi hamkuyataja."

"Yanaambatana na mbuzi!"

"Yanaachana naye kila siku, Fanueli, wewe umeyakanyaga sasa hivi."

Sabra akatoka na daftari kutusuluhisha. Alisoma muhtasari wa mkutano kuanzia juu hadi chini, akageuza ukurasa, akarudi mwanzo. Kulikuwa na sheria, tenga, mifito, zamu za majani, hata nani atapuliza zumari wakizaliwa mapacha. Mkutano mzima, saa tatu za watu wazima, wenye akili, na wakulima wote: hakuna aliyekumbuka mavi.

"Unataka ya nini?" nikamuuliza Fanueli.

"Ya miche ya mteremko. Mingine ina rangi ya njano. Nilitaka kumpelekea Secilia kabla ya vuli."

Hapo akanipata. Kabichi zangu zinayataka, na mlima unayataka, na mbuzi ni mmoja, na tumbo lake ni moja.

"Gawa wewe," nikamwambia. "Mafungu mawili. Kisha nitachagua mimi."

Fanueli akavua koti, akapiga goti. Akaweka huku, akapunguza, akaweka kule, akapima kwa jicho, akarudisha punje tatu kwa vidole vyake mwenyewe. Habari ya Zumbe aliimaliza kabla ya adhuhuri, lakini hii ilimtoa jasho mpaka jua likashuka nyuma ya shule. Sabra alifunga daftari akaenda zake. Mimi nilikaa juu ya karai langu nikamsubiri. Alipomaliza akainuka, akajifuta mikono, akaniangalia kama mwanafunzi anayengoja alama.

Nikaangalia fungu la kulia, nikaangalia la kushoto. Yalikuwa sawa kabisa, alhamdulillah, na nilikerwa sana.