Vitambaa Vyeupe vya Mji wa Sifa

Katika nchi ya Takasika palikuwa na mji ulioitwa Sifa, nao ulikuwa na desturi ya kuipima hewa kwa kitambaa. Sultani alipoamuru matanuri ya chokaa yapunguze moto ili raia wapumue, kila mtaa ulitundika mnarani kitambaa cheupe, kikashushwa kila Ijumaa mbele ya Waziri Pambo. Mtaa ambao kitambaa chake hakikuwa na masizi ulipigiwa ngoma. Wenye masizi ulizomewa. Mwezi haukuisha, wazee wa mitaa wakang'amua kwamba kufua ni rahisi kuliko kuzima tanuri. Wakamwajiri dobi mmoja, mwanamke aliyeitwa Hamu, avifue vyote kila Alhamisi kwa siri.

Hamu alifua kwa mikono tu. Moyo wake ulikuwa mbali. Nasimu, binti yake wa pekee, alikuwa mwaka wa nne katika milima ya Afueni, walikopelekwa wote walioharibiwa vifua na moshi. Sauti ya mwanawe ilikuwa imemtoka masikioni. Alichokikumbuka ni kikohozi chake.

Ijumaa moja Waziri alisimama barazani akanena, "Enyi watu wa Sifa! Miezi sita vitambaa ni vyeupe. Hewa imetakata. Naamuru wagonjwa wa Afueni warejeshwe."

Hamu alipiga kigelegele. Kisha akatazama weusi uliokaa chini ya kucha zake, akapenya umati.

"Mheshimiwa, usiwarejeshe. Vitambaa hivyo nimevifua mimi."

Bwana Staha, mzee wa mtaa, akacheka. "Mwacheni, povu la sabuni limempanda kichwani!"

"Sabuni yenyewe ulinipa wewe, Bwana Staha."

Kicheko kikalipuka, kikakatika ghafla.

Hamu akafikishwa mbele ya Kadhi Insafu. "Mama," akauliza Kadhi kwa upole, "wajua kwamba ikithibiti, mwanao harudi?"

"Najua, Kadhi."

"Hata mwaka huu?"

"Hata mwaka ujao, pengine."

Kadhi akatundika kitambaa kipya mlangoni pa mahakama, akakiwekea askari. Siku ya tatu kilishushwa kikiwa cheusi kama chungu cha mkaa. Hapo akaamuru matanuri yazimwe hadi yajengwe mengine yasiyotoa moshi, wagonjwa wabaki Afueni hadi kitambaa kikae cheupe bila kufuliwa, naye Waziri ahamie nyumba iliyo jirani na matanuri hayo mapya.

Tarishi wa Afueni alipotandika punda wake, alimuuliza Hamu kama ana salamu.

"Mwambie Nasimu kwamba mama yake anamtaka mno," akasema. "Kisha mwambie asije."