Mtoto Haagwi

Kwao Fausta mtoto mdogo haagwi. Mama mwenye safari humsubiri alale, au bibi humpeleka nyuma ya nyumba akaone vifaranga, na mama hujiondokea kimyakimya. Ukimuaga atalia, na kilio cha mtoto, wanasema, ni mkosi wa safari.

Ndivyo Fausta alivyomwacha binti yake Hosiana mara ya kwanza, siku alipompeleka Misima kwa bibi yake kumwachisha ziwa. Mtoto alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Alilala mama yupo, akaamka mama hayupo. Tangu hapo Fausta alikuja kumwona mara tano, na mara zote tano aliondoka vilevile, viatu mkononi mpaka avuke uwanja.

Usimlaumu haraka. Baba wa mtoto aliingia mitini kabla hata mimba haijaonekana. Shamba la mama yake Fausta, mzee Bernadina, lilikuwa likimeza mbegu na kutoa mabua. Korogwe mjini kulikuwa na kazi za ndani kwa mama Noorjahan, mwenye duka la vitambaa, na kazi yenyewe ilikuwa kumlea mjukuu wake, Alisha. Basi Fausta akalea. Alimpoozea Alisha uji, alimbembeleza, alikijua kilio chake cha njaa na kilio chake cha kudeka. Wiki ile Hosiana alipolazwa kwa malaria na kuongezwa damu, Fausta alikuwa Korogwe amembeba Alisha mgongoni kwa sababu ya mafua. Habari alizipata kwa simu. Alilia chooni, akanawa uso, akarudi kazini.

Safari hii maneno ya nesi ndiyo yaliyomleta. Bernadina alikuwa amempeleka mtoto kliniki, nesi akasema damu bado ni ndogo, na uzito ni wa mtoto wa miaka miwili ilhali huyu ana minne. Kisha akauliza, "Huwa anacheza huyu? Huwa analia?"

"Huyu hana usumbufu, nesi," Bernadina akajibu kwa fahari. "Hata sindano haimlizi."

Nesi hakufurahi. "Bibi, huyu hatapona kwa dawa peke yake. Mtafutieni mtu wake."

Mtu wake ni nani kama si mimi? Fausta alijiuliza aliposimuliwa. Akaomba ruhusa ya siku nne. Alitaka jambo moja tu, mtoto amjue kuwa ndiye mama yake.

Alipofika Jumamosi alimkuta Hosiana ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha, hana anachochezea. Nywele zake zilikuwa nyepesi, zimegeuka nyekundu. Mtoto alimwona, akainuka polepole kama mtu mzima anayeumwa mgongo, akaja akainamisha kichwa.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Njoo basi, njoo kwa mama."

Hakuja. Aliingia ndani akatoka na kigoda, akakiweka mbele ya Fausta, kisha akarudi ukutani kwake.

"Umeiona adabu hiyo?" Bernadina akasema. "Nimemfunza mwenyewe."

Fausta alicheka kidogo, na moyo ukamuuma. Alisha hajawahi kumpa mtu kigoda maishani mwake. Alisha humrukia shingoni.

Siku zile alijitahidi kweli. Alimkaangia mayai, akamsuka, akamwimbia mpaka sauti ikakauka. Mtoto alikula alichopewa na kukaa alipowekwa. Dawa ya damu aliimeza bila kukunja uso. Alipolazwa mchana hakufumba macho. Kila Fausta alipoinuka, hata kwenda kuchota maji tu, macho yale yalimfuata mpaka mlangoni, kisha yakamwacha. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jumatatu Fausta alilishika jembe bila kupewa, akambeba Hosiana kwenda shambani. Mtoto yeyote hujishikiza mgongoni mwa mama yake. Huyu alikaa tu ndani ya kanga, mikono ameiacha.

Jumanne asubuhi Bernadina alimnong'oneza, "Ondoka sasa. Mimi nampeleka nyuma akaone vifaranga."

"Siondoki hivyo, mama. Leo namuaga."

"Fausta! Atalia mpaka apandishe homa."

"Na alie."

Alikuwa anakitaka kilio kile. Alikitaka kuliko mshahara wa mama Noorjahan. Alikuwa ameapa moyoni kwamba Hosiana akitoa chozi moja tu, anamfunga mgongoni wanakwenda Korogwe wote wawili, na mama Noorjahan akitaka kumfukuza, amfukuze.

Alichuchumaa mbele yake. "Hosiana, mama anakwenda. Anakwenda mbali, kazini. Leo."

"Haya," mtoto akasema.

Akatangulia njiani. Alimsindikiza Fausta kama mgeni yeyote anavyosindikizwa, hatua fupifupi, akipumzika mara mbili kwa sababu pumzi ilimwishia, mpaka barabarani. Fausta alisimama pale na kanga mkononi, anamtazama usoni, anangoja. Gari la Korogwe likatokea, likapunguza mwendo, likasimama.

"Karibu tena," Hosiana akasema.

Kilio alichokuwa akikingoja kikamtoka Fausta mwenyewe. Alilia kwa sauti, mbele ya kondakta na abiria, bila haya, akapiga magoti vumbini. Mtoto alimtazama kwa muda. Kisha akasogea, na kwa mara ya kwanza katika siku nne akamgusa. Alimpigapiga begani kwa kiganja, taratibu.

"Nyamaza," akamwambia. "Utazoea."

Halafu akageuka, akarudi nyumbani.