Kurasa Arobaini na Mbili za Tolomba

Mzee Herménégilde alikuwa amefika ukurasa wa arobaini na mbili nilipomwambia aache kuandika.

Tulikuwa kwenye baraza ya nyumba yake, Kibenga, saa nane mchana, ziwa linaonekana kipande tu nyuma ya ukuta wa jirani. Kalamu yake ya risasi ikasimama. Akadhani amekosea kitu kidogo, jina la mtu au idadi ya siku za sherehe, kwa sababu mkono mwingine ulikwisha kushika kifutio. Mwalimu anaweza kustaafu darasa, kifutio hakiachi.

"Nimekosa wapi, Mama Béatrice?"

"Ukurasa wa kwanza, Mzee."

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu niliitembea miaka kumi na tisa. Nimechoka, nalisema mapema ili mtu asingoje nichangamke huko mbele. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa wa Ngagara, kartie ya tatu, na mashine ninayoikanyaga leo ndiyo niliyokuwa naikanyaga siku ile mwanangu Béatrice alipotoka shule akiwa na miaka saba na kuniambia mwalimu anataka kila mtoto alete wimbo wa bibi yake.

Wenzake walikwenda kwa bibi zao. Wangu alikuja akashika ukingo wa meza, akauliza bibi yetu ni nani. Nilikuwa na sare kumi na nne za kumaliza. Bibi sina. Mama sina. Masista wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, walinikuta mlangoni mwao nikiwa na wiki chache, wakanipa jina Irène, wakanifundisha sala na sindano, na nilipowauliza swali hilo hilo wakaniambia mimi ni mtoto wa Mungu. Jibu zuri, lakini mtoto hawezi kwenda kuliimba darasani. Baba yake Béatrice, dereva wa malori, alikuwa amekwisha kufa, na ndugu zake sijawaona hata siku moja.

Basi nikatunga. Nikamwambia sisi ni watu wa Tolomba, nchi iliyo juu ya milima ya kule Kongo, ambako ziwa limekaa kileleni na mvua hupanda. Nikamwambia bibi zake ni watu wa maji, na watu wa maji huandika mashairi kwa kidole juu ya ziwa, ndiyo maana kwao hakuna shairi linalosemwa mara mbili. Nikampa moja, mguu wangu haujaacha kukanyaga:

Maji, nishikie neno hili,
nikirudi usinipe lile lile.

Akalipeleka. Mwalimu akalisifu. Kesho yake akarudi kuomba jingine.

Kila mama anatunga, hilo halina kesi. Lakini sikumwambia kwamba ni hadithi. Nilimwambia kwamba ni sisi.

Akiwa na miaka tisa ningeweza kulirekebisha. Akiwa na kumi na tatu, labda. Ila watoto wa kartie walipomwita Mukongomani asiye na kwao, alikuwa anainua kidevu na kuwasimulia watu wa mawe, majirani wa watu wa maji, ambao kila mmoja ana haki ya mstari mmoja tu maisha yake yote. Mtu hufikiri miaka na miaka, kisha anauchonga juu ya mlango wake na hasemi tena utenzi mpaka kufa. Kulikuwa na bibi mmoja, Nalumba, aliyechonga: "Bado nafikiria." Béatrice alimpenda huyo kuliko watakatifu wote wa kanisani. Halafu wakaja watu wa moshi, wacheza michezo, ambao kwao watazamaji ndio huvaa vinyago, na mchezaji husimama mbele yao uso wazi. Sijui visa hivi vilitoka wapi. Vilitoka kwenye uchovu, nadhani. Mkono ukifanya kazi moja siku nzima, kichwa kinajitafutia pa kwenda.

Na kulikuwa na desturi ya kasoro. Tolomba, binti anapoolewa, mama hamsifu. Husimama mbele ya wakwe akataja kasoro zake tatu, na kwa kila moja wakwe hujibu: "Tumesikia. Aingie." Akikubaliwa na kasoro zake, hakuna atakayekuja kumrudisha kwa ajili ya hizo. Hiyo niliitunga siku Béatrice alipovunja chungu cha jirani akalia mpaka akatapika. Nilitaka anyamaze, basi.

Akakua, akasoma uuguzi, akampata Armel, kijana mpole wa watu wa Kibenga. Wakwe wakasita. Shangazi yake Armel, Mama Adélaïde, ndiye aliyeuliza waziwazi: msichana huyu ni wa nani? Ana mama, sawa, lakini mama huyo ni wa watu gani? Na hapo ndipo Mzee Herménégilde, baba mkubwa wa Armel, aliposikia Béatrice akisimulia Tolomba mezani. Alikuwa amefundisha miaka thelathini na tisa. Alikuwa anaandika kitabu juu ya tungo za watu wa pande mbili za ziwa. Watu wa Tolomba alikuwa hajawahi kuwasikia.

Alianza kuja kwangu kila Alhamisi na daftari lake. Aliketi kwenye benchi la wateja, magoti yake mabovu ameyanyoosha, akauliza. Shairi la maji lina vipimo? Mtu wa mawe akikosea kuchonga anafanyaje? Kila alipouliza, nilijibu, na hapo nilikosa mara mbili, kwa maana Béatrice nilimdanganya akiwa mtoto na sikuwa na la kufanya, lakini mzee huyu nilimdanganya kwa sababu nilifurahi. Acheni niseme ukweli. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuketi na kuandika ninachosema. Nilikuwa naamka Alhamisi nikiwa mwepesi.

Akawaambia nduguze: msichana ana watu, nimeandika mila zao zote, nawadhamini kwa jina langu. Mama Adélaïde akanyamaza. Sherehe ya mahari ikapangiwa Jumamosi.

Jumanne ya wiki hiyo aliniita kwake, Kibenga, tumalizie mambo ya mwisho. Ndipo akaniambia kwamba harusi ikiisha atavuka ziwa. Atapanda milima ya kule mwenyewe, na magoti yale, na njia zile za hatari tunazozijua. "Mi sitaki vitu vingi, Mama," akasema. "Nataka kuona mulango moja tu."

Nikamwambia aache kuandika.

Nilipomaliza kumweleza, hakunitazama. Alirudi nyuma kwenye daftari, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayetafuta barua.

"Na ule mulango wa Nalumba?" akauliza.

"Haiko, Mzee."

Akafunga daftari. Nilingoja anifukuze, na ingekuwa nafuu. Akaweka mkono juu ya jalada.

"Mutoto anajua?"

"Apana."

"Jumamosi watu wetu watauliza ni mutoto wa nani, na mi ndiye wa kujibu, maana ni mi niliwaambia. Siwezi kusema uongo nikijua. Lakini siwezi kusema kitu mutoto hajui. Mwambie yeye. Kisha mi nitaona."

Sikuuliza ataona nini. Nilijua. Akisimama na kusema amejiondoa, Mama Adélaïde angechukua mkoba wake na nusu ya ukumbi ingemfuata, na mwanangu angebaki amevaa vizuri mbele ya viti vitupu.

Alhamisi Béatrice alikuja kupima imvutano, vazi la sherehe. Nilimsimamisha juu ya kigoda, nikamzungushia kitambaa, nikambana pini kuanzia begani hadi miguuni. Wakati huo niliuchagua makusudi. Mtu aliyejaa pini hawezi kukimbia.

Nikamwambia nikiwa nimepiga magoti, nimeshika pindo, ili nisione uso wake. Akaanza kuuliza mmoja mmoja, kama watu wanavyouliza majina baada ya ajali ya gari.

"Watu wa maji?"

"Ni mi nilitunga."

"Watu wa moshi?"

"Mi."

"Bibi Nalumba?"

"Mwanangu, nisamehe."

"Nimekuuliza Bibi Nalumba."

"Hakuwako."

Akashuka kwenye kigoda. Akalivua lile vazi na pini zake zote, zikamchana mkono, damu ikatoka mistari miwili, na hakujifuta. Akavaa nguo zake akaondoka. Ijumaa hakuja. Nilimaliza pindo, nikampa jirani ampelekee vazi. Niliogopa. Niliogopa kuliko mwaka ule wa vita nilipovuka mpaka kuja huku na kifurushi kimoja.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Pande mbili tumetazamana, wao wengi, sisi wachache: wanakwaya wenzangu, wateja wa zamani, na Musafiri, mzee wa kanisa letu, Mukongomani mwenzangu, aliyekubali kuwa msemaji wa upande wetu kwa kuwa sina kaka. Musafiri hakujua lolote. Alizungumza vizuri, akajibizana na msemaji wao kwa mafumbo ya posa, habari za ng'ombe na za kuku aliyepotea akaja kutafutwa huku, watu wakacheka panapochekewa. Mzee Herménégilde aliketi mstari wa mbele, mikono juu ya magoti. Daftari hakuja nalo. Béatrice alikuwa ameketi pembeni na mashangazi, lile vazi limemkaa begani kama nilivyotaka, na hakugeuza shingo upande wangu.

Kisha Musafiri, maskini, akatangaza kwa furaha: "Sasa, ndugu zetu, kwa mila ya watu wa Tolomba, mama ya binti atasimama ataje kasoro."

Wakapiga makofi. Walikuwa wameshaambiwa, walikuwa wanaingoja. Nikasimama. Nilikuwa nimejiandaa kusema ukweli, nalisema mbele ya Mungu, lakini nilipofungua mdomo hakuna kilichotoka, hata hewa.

Ndipo Béatrice akainuka. Binti haongei katika sherehe ile. Anaketi, anaangalia chini, anaongelewa. Ukumbi ukanong'ona.

"Mama amechoka," akasema. "Mi nitasema kwa nafasi yake. Lakini kasoro zangu Armel anazijua. Nitasema za Mama, maana mukinichukua mi, na yeye mumemuchukua."

Nikarudi kukaa.

"Moja. Mama akichoka anasema hachoki, halafu anakasirikia watu wote."

Wakacheka. Msemaji wao akaongoza, wakaitika: "Tumesikia. Aingie."

"Mbili. Ukimupelekea kitambaa, anashona nguo inayokubana, eti utapungua."

Wanakwaya wakacheka kuliko wote, maana wanaijua. "Tumesikia. Aingie."

"Tatu." Hapo sauti yake ikashuka, na ilibidi watu wa nyuma wanyamaze. "Nilikuwa na miaka saba nikamuuliza sisi ni watu gani. Hakuwa na jibu. Masista ndio walimulea, hajui nani alimuzaa. Basi akanitungia watu. Tolomba haiko. Mashairi yote yale, ni yeye, kwa mashine, akishona sare. Na mi nimejua Alhamisi hii."

Musafiri alinigeukia, mdomo wazi. Mama Adélaïde akashika mkoba wake. Msemaji wao, aliyekuwa anaongoza majibu, akaangalia dari. Nilimtunga mama wa Tolomba anayesimama na binti anayesemwa, nikatunga wakwe na maneno yao, na katika miaka yote ile sikuwahi kufikiria anavyojisikia yule anayesemwa akingoja. Sasa nilijua. Unasikia feni ya dari.

Mzee Herménégilde akainuka. Ilimchukua muda, kwa sababu ya magoti.

"Mi niliandika kurasa arobaini na mbili," akasema, na alikuwa anawaambia nduguze, si mimi. "Niliwaambia mutoto huyu ana watu. Nilijikwaa kwa majina tu, watu anao. Mutu aliyetunga yale yote kwa ajili ya mutoto moja…" Akaacha. Nadhani alikuwa na hasira bado, na ilimbidi aipishe ipite. "Tumesikia."

Akanigeukia.

"Aingie."

Wakaitika. Si wote. Mama Adélaïde hakufungua kinywa, na mpaka leo ananisalimia kwa ncha za vidole. Lakini Armel alisema kwa sauti, na vijana wenzake, na mama yake, na polepole mistari ya nyuma, wengine nadhani bila kuelewa walichokubali. Vinywaji vikaanza kugawanywa. Yule mzee alikuja kunipa mkono, akaniambia kitabu chake kitakuwa chembamba, akaenda zake. Kuvuka hakuvuka.

Béatrice alikuja kuketi karibu nami watu waliposimama kupiga picha. Mikwaruzo ya mkononi ilikuwa imeanza kukauka. Mabega yetu yaligusana, sote tunaangalia mbele.

"Mi niliimba ile ya maji kazini, wagonjwa wakikufa," akasema. "Mwaka mzima. Nilijua ni ya bibi."

"Pole, mwanangu."

"Usiniambie pole." Akapangusa pua kwa mgongo wa mkono, kitu nilichomkataza tangu akiwa mdogo. "Watoto wangu nikiwapata nitawasimulia yote. Nalumba, wote. Lakini nitawaambia ni hadithi. Siku ya kwanza kabisa, nitawaambia."

"Ndiyo," nikasema. "Uwaambie."

"Na nitawaambia ni nani alitunga."

Mpiga picha akamwita, akaenda.